Likizo ya ufukweni na mtoto mdogo kwa bajeti ndogo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wazazi wanaopanga kwenda baharini kwa mara ya kwanza na mtoto huuliza maswali yale yale. Ana miezi minane, aingie majini? Twende siku ngapi? Lazima hoteli iwe na bwawa? Tubebe nini? Na lipo lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: kwa hela hizi tulizonazo, kweli tutaweza? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, sasa nayaandika ili uwe nayo mkononi.

Swali la mwisho nalianza mimi. Ndiyo, mtaweza, na sababu ni mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili hajui nyota za hoteli. Anataka mchanga, maji ya kumfika vifundoni, kindoo, na mzazi asiyekuwa na haraka, na ufukwe wa wazi hauchaji chochote kwa hayo. Hela zako zipeleke kwenye mambo matatu: kulala karibu na maji, kupata kivuli, na kuwa na jiko. Vingine vyote unaweza kuvipunguza. Hivi vitatu ukivikosa, kila siku utalipia usumbufu wake.

Mwongozo huu unamhusu mtoto wa kuanzia miezi michache hadi miaka mitano hivi.

Viwe tayari kabla hujaanza kupanga

- Kiasi kamili cha pesa mlichonacho, kimeandikwa kwenye karatasi. Siyo kiasi mnachotarajia kupata.
- Saa za mtoto: anaamka saa ngapi, analala mchana saa ngapi na kwa muda gani.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la pwani mnayoifikiria. Hupatikana bure kwenye intaneti.
- Kadi ya kliniki ya mtoto, dawa anazotumia, na jina la hospitali au zahanati iliyo karibu na mnakokwenda.
- Mtu mzima wa pili, ikiwezekana. Mzazi aliye peke yake anaweza kwenda, ila achague ufukwe wenye waokoaji na akubali kwamba yeye mwenyewe hataogelea.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kabla ya mahali

Mtoto ambaye hajaanza shule anawapa nafasi ambayo miaka michache ijayo hamtakuwa nayo tena: kusafiri wakati watoto wengine wako darasani. Siku hizo vyumba hushuka bei, nauli hupungua na ufukwe huwa na nafasi. Epuka likizo za shule, sikukuu na wikiendi ndefu. Kuingia Jumapili jioni au Jumatatu na kutoka Ijumaa mara nyingi ni nafuu kuliko usiku huo huo ukianzia Ijumaa.

Lakini uliza kwa nini bei imeshuka. Kama ni kwa sababu shule zimefunguliwa, vizuri. Kama ni kwa sababu ya msimu wa mvua kubwa au pepo kali, utaokoa pesa kisha ukae chumbani na mtoto anayepanda kuta.

Siku ngapi? Ushauri wangu ni usiku 4 au 5. Nauli ni ile ile mkilala usiku mmoja au sita. Siku ya kwanza inaliwa na safari, ya pili mtoto bado anazoea sauti ya mawimbi na kitanda kigeni, na raha yenyewe huanza siku ya tatu. Wanaokwenda kwa usiku mbili hulipa nauli nzima kwa ajili ya asubuhi moja nzuri.

Hatua ya 2: Gawa pesa kuanzia mwisho

Watu wengi huanza na chumba wanachokitamani kisha wakaangalia kimebaki nini. Geuza.

Kwanza toa fungu 1 kati ya 10 ya pesa yote, uliweke kando. Hilo ni la hospitali au la kurudi nyumbani ghafla, na haliguswi hata siku ya mwisho. Pili, toa nauli ya kwenda *na* kurudi, pamoja na ile ya kutoka kituoni hadi malazi, ambayo husahaulika sana. Tatu, toa malazi. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya siku, kila fungu katika bahasha yake. Kila asubuhi fungua bahasha moja. Kilichobaki jioni kinahamia bahasha ya kesho. Kilichozidi hakikopwi kutoka kesho. Njia hii ni ya kizamani na inafanya kazi, maana pesa iliyo kwenye simu hutoka bila mtu kuihisi.

Kinachokula bahasha haraka si milo mikubwa. Ni maji ya chupa, vitafunio, vinywaji baridi na vitu vya kuchezea vinavyouzwa ufukweni. Vibebeni kutoka nyumbani au mnunue sokoni mbali kidogo na maji, halafu muone tofauti.

Hatua ya 3: Tafuta malazi yenye jiko, barabara moja nyuma ya ufukwe

Chumba kinachotazama bahari hulipiwa kwa ajili ya dirisha. Nyumba iliyo mwendo wa dakika 5 hadi 10 kwa miguu ina bahari ile ile. Msivuke dakika 10 lakini. Mtoto aliyechoka, mwenye mchanga mwilini, akiwa mgongoni kwenye jua, hugeuza dakika 20 kuwa safari ndefu, na mtaanza kulipa usafiri kila siku mara mbili au nne. Unafuu wa chumba cha mbali unaishia hapo.

Kabla ya kutuma pesa, mpigie mwenye nyumba na umuulize:

- Bei yote ni kiasi gani, pamoja na usafi, umeme, kodi na amana? Mtoto analipiwa?
- Kuna jiko, sufuria, friji inayofanya kazi?
- Kuna feni na chandarua, au kitanda cha mtoto?
- Kuna bwawa, kisima, tangi au bustani yenye maji? Limezungushiwa uzio wenye mlango unaojifunga?
- Kuna ngazi au roshani? Nafasi kati ya nondo ikizidi sentimita 10, mtoto mdogo anaweza kupenya.
- Maji ya bomba yanapatikana saa zote? Pana mahali pa kufua?

Swali la bwawa liulize hata kama hutaki bwawa. Mzazi huwa macho sana baharini, kisha akirudi nyumbani hulegea, na maji ya sentimita chache tu yanatosha kumzamisha mtoto mdogo. Ndoo pia. Mkifika, mwaga kila ndoo iliyojaa.

Tahadhari: usilipe pesa yote mapema kwa mtu ambaye hajakuonyesha picha za kila chumba na kukubali kupigiwa simu ya video akiwa ndani ya nyumba. Tuliwahi kufika mahali usiku, mtoto amelala begani, tukakuta jiko tulilolipia ni meza tupu. Dakika 3 za video zingetuokoa.

Hatua ya 4: Chagua ufukwe unaomfaa mtoto, siyo unaopendeza kwenye picha

Tafuta ghuba au sehemu iliyokingwa na mwamba wa matumbawe, yenye mteremko wa taratibu, ambako mawimbi huvunjikia mbali. Miti inayotoa kivuli cha bure ni utajiri. Choo ni muhimu kuliko mgahawa. Waokoaji wakiwepo, kaeni mbele yao. Bendera ya nusu nyekundu nusu njano huonyesha eneo wanalolilinda. Nyekundu moja ni hatari kubwa, nyekundu mbili maana yake maji yamefungwa kwa waogaji, na zambarau inaonya juu ya viumbe wanaochoma.

Epuka mdomo wa mto. Mikondo yake ina nguvu, maji huwa na tope usilione lililo chini, na baada ya mvua kubwa hubeba uchafu wa bara nzima. Mvua kubwa ikinyesha, msiingie majini kwa siku 2 au 3 hata kama ufukwe wenu uko mbali kidogo na mto.

Hatua ya 5: Soma jedwali la maji

Hapa nitakaa kidogo, maana wageni wengi wa bahari huiruka hatua hii, na ndiyo inayopanga siku yote.

Katika pwani nyingi maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika chache. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo kama leo maji yamejaa saa 3 asubuhi, usitegemee kuyakuta hivyo wiki ijayo. Saa hiyo hiyo yatakuwa yamekupwa. Zipo bahari kama Mediterania ambako maji hupanda na kushuka kidogo sana, na huko hatua hii haina uzito.

Mwezi nao una kazi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mikondo huwa na nguvu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ni ndogo na bahari haivuti sana. Ukiwa huru kuchagua tarehe na mtoto wako ni mdogo, lenga maji mafu. Kama ana miaka minne na anapenda kuchungulia vidimbwi, bamvua humfungulia mwamba mzima wenye kaa, konokono na samaki wadogo. Ni maonyesho bora ya viumbe hai ambayo hamtalipia kiingilio.

Tumia jedwali hivi:

1. Andika saa za kujaa na kupwa kwa kila siku ya likizo kwenye karatasi moja.
2. Chini yake andika saa za mtoto za kulala mchana.
3. Chora mstari kwenye saa za jua kali, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni.
4. Nafasi zilizobaki, asubuhi na jioni, ndizo saa zenu za ufukweni. Siku ambayo asubuhi maji yamekupwa itakuwa ya vidimbwi na majumba ya mchanga. Siku ambayo yanajaa taratibu itakuwa ya kuoga.

Kwa kuoga, napendelea maji yanayoingia kuliko yanayotoka. Maji yanapotoka, hasa karibu na mikondo na mipenyo ya mwamba, huvuta kuelekea bahari kuu. Kwa vidimbwi, fikeni saa moja kabla ya maji kupwa kabisa na muondoke mara tu yanapogeuka. Msingoje kuyaona yakikaribia. Maji hayajai kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza huingia polepole, kisha katika saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa huingia karibu nusu ya maji yote. Huo ndio wakati watu hujikuta wamezungukwa kwenye mwamba na mtoto mkononi.

Na mkifika ufukweni, tazameni mstari wa mwani mkavu. Hapo ndipo maji yaliishia mara ya mwisho. Tandikeni juu zaidi ya hapo, upande wa nchi kavu.

Hatua ya 6: Fungasha kidogo, lakini usisahau hivi

Kivuli kwanza. Mwavuli mkubwa au shuka jepesi na kamba za kulifunga mitini vinatosha. Kukodi mwavuli na viti kila siku kwa siku tano kunaweza kuzidi bei ya kununua mwavuli wenu.

Nguo ya kuogea iwe na mikono mirefu na rangi inayopiga kelele: chungwa, waridi kali, njano inayong'aa. Bluu, nyeupe na kijivu hupotea majini mara moja. Watu hununua ile ya bluu yenye picha za samaki kwa sababu inapendeza, na mimi nawaomba waiache dukani.

Losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Kofia yenye ukingo. Viatu vya mpira vinavyofunga mguu, kwa ajili ya miamba na mchanga wa moto. Nepi za kuogelea, kwa kuwa nepi ya kawaida hunyonya maji ya bahari ikavimba na kumvuta mtoto chini. Chupa kubwa ya maji safi ya kusuuza mikono na macho, na nyingine ya kunywa. Kisanduku cha dawa chenye dawa ya homa, chumvi za kuongeza maji mwilini, kibano, plasta na kipimajoto. Kalamu ya wino usiofutika.

Vya kuchezea: kindoo kimoja, kijiko cha mbao, chujio la jikoni, vikopo viwili vya plastiki. Basi.

Tahadhari: mabawa na maboya ya kujaza upepo si vifaa vya usalama. Upepo unaovuma kutoka nchi kavu hulisukuma boya mbali kwa kasi ambayo mtu mzima hawezi kuifukuza. Mkipanda chombo chochote, mtoto avae jaketi okozi la uzito wake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Lijaribu kwa kulinyanyua mabegani: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno.

Hatua ya 7: Safari yenyewe

Ondokeni kwa saa ya mtoto kulala. Ulizeni kama mtoto asiyekaa kwenye kiti chake analipiwa. Vyombo vingi vya usafiri huwa na utaratibu kwa walio chini ya umri fulani. Bebeni chakula cha kwanza cha mkifika, kwa sababu familia iliyowasili saa 2 usiku ikiwa na njaa hununua chochote kwa bei yoyote. Mtoto anayechafukwa na safari akae mbele, atazame mbali, asishikishwe simu. Dawa za kichefuchefu zinazoleta usingizi asipewe mtoto mdogo bila ushauri wa daktari.

Hatua ya 8: Ratiba ya siku

Asubuhi, maji yakiruhusu, muwe ufukweni kufikia saa 1. Nuru ni laini, mchanga una ubaridi, na watu ni wachache. Mpake losheni nyumbani, dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, akiwa bado hana mchanga mwilini. Rudia kila baada ya saa 2 na kila anapotoka majini. Masikio, nyuma ya shingo na juu ya nyayo ndiko wazazi wengi husahau. Ngozi nyeusi nayo huungua, na joto halichagui rangi.

Saa 4 fungasheni, hata kama analia. Kipimo rahisi kisichohitaji saa ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali mno. Mawingu hayazuii miale yote, na mwavuli hauzuii ile inayorudishwa na mchanga na povu la mawimbi.

Mchana ni wa kuoga maji baridi, kula na kulala. Mzazi naye alale. Pikeni mlo mkubwa wakati huu mkiwa nyumbani, siyo jioni mkiwa mmechoka. Chakula mlichobeba ufukweni kisikae kwenye joto zaidi ya saa 2. Joto likizidi nyuzi 32 za Selsiasi, saa 1 tu.

Saa 10 mnarudi hadi jua linapozama. Kama mnataka kula nje mara moja, fanyeni siku ya mwisho, na iwe chakula cha mchana. Sehemu nyingi hupika kile kile kwa bei ndogo mchana.

Mtoto wa chini ya miezi 6 ana kanuni zake. Asikae juani kabisa, hata kwa dakika chache. Kinga yake ni kivuli na nguo nyepesi, siyo losheni. Kama ananyonya tu, hahitaji maji ya kunywa hata kwenye joto. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Hatua ya 9: Kumwingiza majini

Usimbebe ukaingia naye moja kwa moja. Kaa naye pale wimbi linapoishia, miguu yenu imenyooshwa, mwache maji yaje kwake. Akicheka, sogea hatua moja. Akikushika shingo, rudi hatua moja. Kwa mtoto wa chini ya mwaka, dakika 10 zinatosha; akianza kutetemeka au midomo ikibadilika rangi, mtoe, mkaushe, mfunike.

Kanuni ni moja na haina siku ya mapumziko: mtoto awe ndani ya urefu wa mkono wako. Siyo ndani ya upeo wa macho yako. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, kwa kuwa mdomo unaohangaikia hewa hauwezi kuita. Hushuka kimya, watu wakiwa wamekaa mita 5 kutoka hapo. Mkiwa watu wazima wawili au zaidi, mmoja awe mlinzi kwa dakika 15, avae kofia fulani, na zamu ikiisha aivue ampe mwenzake huku akimwambia, "Sasa ni wewe." Simu ikae mkobani. Kundi kubwa la ndugu lisikupe amani, maana kila mmoja hudhani mwingine anaangalia.

Jifunze kuutambua mkondo unaorudi baharini. Huonekana kama njia tulivu, yenye rangi nzito, kati ya sehemu mbili ambako mawimbi yanavunjika. Wageni huichagua kwa kuwa inaonekana shwari. Inaweza kukimbia zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Ukinaswa, usipigane nayo: elea, inua mkono kuomba msaada, au ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, ndipo urudi.

Shimo la mchanga lisizidi magoti ya mtoto aliye mdogo kuliko wote. Kuta za mchanga huporomoka bila ishara, na mchanga ni mzito. Mkiondoka, lifukieni.

Mambo yakienda kombo

*Mtoto haonekani.* Anzeni na maji, hapo hapo, kabla ya kutazama kwenye miavuli na vibanda. Mmoja akimbie ukingoni, mwingine amwambie mwokoaji, wengine wagawane pande mbili. Ndiyo sababu kila asubuhi unampiga picha akiwa na nguo za siku hiyo, na unaandika namba yako ya simu mkononi mwake kwa ile kalamu. Msiandike jina lake.

*Amemeza maji, akakohoa.* Akitulia baada ya dakika chache na kurudi kucheza, hakuna neno. Lakini kama alizama, hata kwa muda mfupi, na sasa kikohozi hakiishi, anapumua haraka, anatapika au amelegea kwa usingizi usio wa kawaida, nendeni hospitali mara moja, msingoje asubuhi. Ametolewa majini hapumui? Mtu mmoja aombe msaada huku mwingine akianza kumpulizia hewa, kisha kukandamiza kifua. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo pumzi ndizo zinazotangulia. Tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya safari. Saa chache za kujifunza zina thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua.

*Yavuyavu (konyeza), kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazochoma, amemchoma.* Mtoe majini, suuza kwa maji ya bahari, toa nyuzi zilizoganda kwa kibano. Usisugue kwa mchanga, usitumie maji baridi ya bomba, na achana na habari ya kumwagia mkojo. Kisha, kwa aina nyingi, maji ya moto hupunguza maumivu: yajaribu kwa mkono wako kwanza, yawe ya moto anaouvumilia, chini ya nyuzi joto 45. Uso ukivimba au akipumua kwa shida, ni hospitali.

*Amekanyaga kiumbe mwenye miiba.* Maji ya moto kama hapo juu kwa nusu saa au zaidi, kisha toa miiba inayojitokeza kwa kibano. Iliyovunjikia ndani mwachie mhudumu wa afya. Kama ni samaki aitwaye taa, au kidonda ni kirefu, usichomoe kitu, nendeni.

*Anaharisha.* Kama chumvi za dukani hazipo: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 bapa vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima kwa makini, maana chumvi ikizidi hudhuru. Mpe kidogo kidogo na aendelee kunyonya na kula. Macho yakizama, mkojo ukikatika au akilegea, apelekwe kwa daktari.

*Mchanga machoni.* Zuia mikono yake, mwaga maji safi kutoka upande wa pua kwenda nje. Mchanga mwilini ni rahisi zaidi: mwache akauke kabisa kivulini, kisha mpanguse kwa kitambaa kikavu. Ukimpangusa akiwa amelowa unamkwaruza tu.

*Mvua imenyesha siku nzima.* Msikimbilie sehemu za kulipia kiingilio. Sokoni asubuhi, bandari ya wavuvi wakipakua, ufinyanzi wa unga na maji mezani, kisha kila mvua inapopungua mtoke na miavuli mkaokote makombe. Ila radi ikisikika, hakuna mtu ufukweni.

*Pesa imepungua siku ya tatu.* Rudini kwenye bahasha mtazame zilikokwenda. Mara nyingi ni usafiri wa kwenda na kurudi ufukweni, au vinywaji. Kateni hivyo kwanza. Fungu la dharura libaki lilipo.

*Anakataa maji kabisa.* Hili huwavunja wazazi moyo kuliko yote, kwa sababu wameweka akiba miezi mingi kisha mtoto analia akiona wimbi. Usimlazimishe, usimcheke, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Sauti ya bahari ni kubwa kwa mtu wa urefu wa meza. Mchimbie kidimbwi juu ya mstari wa mwani, kina cha kiganja, ujaze maji kwa kindoo, umwache akae humo. Kesho chimba karibu kidogo na bahari. Binti yangu alikaa kwenye kidimbwi cha namna hiyo siku tatu, akinituma mimi kuchota. Siku ya nne kindoo kilipokwisha maji, alinitazama nilivyokuwa nimejilaza, akakichukua, akateremka mwenyewe hadi ukingoni. Nilikuwa hatua moja nyuma yake, mkono umenyooshwa.